Chakula tele, nguvu haba: Kazi ya vitamini, madini na chumvi mwilini

Na MWANDISHI WETU

SAHANI iliyofurika ugali si hakikisho kwamba aliyeila atakuwa na nguvu za kulima, kusoma au kunyonyesha. Katika vijiji vingi vya Taita Taveta, Mraru kikiwemo, wapo watu ambao hushiba kila jioni lakini hushikwa na kizunguzungu wainukapo, huchoka kabla jua halijapanda vyema, na kidonda kidogo mguuni huwachukua majuma mengi kupona.

Aghalabu mtu kama huyo huitwa mvivu, au husemwa kwamba amerogwa. Wataalamu wa lishe wana jina jingine kwa hali hiyo. Wao huiita njaa iliyofichika. Tumbo limejaa, lakini mwili umekosa vitu vidogo vidogo ambavyo bila hivyo chakula hakiwezi kugeuzwa kuwa nguvu, damu wala mifupa.

Vitu hivyo ni vitamini, madini, na zile chumvi za mwili ambazo madaktari huziita elektrolaiti. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Iodini ambayo mtu mzima huihitaji maisha yake yote haijazi kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo, akiikosa, tezi ya shingo huvimba na mwili mzima ukapooza katika shughuli zake.

Tatizo hili si la kijiji kimoja. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubishi uliofanywa nchini mnamo 2011 ulibaini kuwa zaidi ya wanawake wanne kati ya kila wajawazito kumi walikuwa na upungufu wa damu. Zaidi ya watoto wanane kati ya kila kumi walio chini ya umri wa kwenda shule walikuwa na upungufu wa madini ya zinki. Nao uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya wasiozidi miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Mfano wa basi

Wakazi wa Mraru wana kielelezo kizuri cha kulieleza jambo hili. Katika miaka ya 1970, kina mama wa huko walikuwa wakitaabika kufika Voi, sokoni na hospitalini, kwa kuwa mabasi yaliwafikia yakiwa yamejaa abiria. Walijiunga katika kikundi, wakachanga fedha kidogo kidogo, wakanunua basi lao wenyewe. Habari za basi hilo zilienea hadi ng'ambo, zikaandikwa katika kijitabu cha kufunzia makundi mengine ya wanawake ulimwenguni.

Basi lolote huhitaji dizeli. Katika mwili, dizeli hiyo ni wanga wa ugali, muhogo na viazi vitamu, pamoja na mafuta. Basi huhitaji pia bodi na vipuri, na hizo ndizo protini za kunde, maharagwe, maziwa, samaki na nyama.

Lakini tangi lililojaa haliendeshi gari. Pana ufunguo wa kuwasha injini, pana oili ya kulainisha vyuma, pana betri na maji ya rejeta. Vitamini na madini mengi hufanya kazi ya ufunguo na oili. Elektrolaiti hufanya kazi ya betri, zikishirikiana na maji. Kikosekana kimojawapo, gari husimama njiani hata dizeli ikiwa tele.

Kazi yote hiyo ya kuvunja chakula, kuvuna nguvu zilizomo na kujenga viungo vipya huitwa umetaboli. Huendelea usiku na mchana katika kila seli ya mwili, hata mtu akiwa usingizini.

Vitamini B huwasha moto

Ugali ukishasagwa na tumbo hugeuka sukari ya glukosi, nayo husafirishwa na damu hadi kwenye seli. Humo huchomwa hatua kwa hatua, na kila hatua husimamiwa na kimeng'enya chake. Vimeng'enya vingi haviwezi kufanya kazi peke yake. Huhitaji msaidizi, na wengi wa wasaidizi hao hutengenezwa kutokana na vitamini za kundi la B.

Vitamini B1 hufungua lango ambalo mabaki ya sukari hupitia kuingia katika tanuri kuu la seli. B2 na B3 hupokea nguvu inayotoka humo na kuifikisha inakotakiwa. B6 hushughulikia protini. B12 na foleti hutumika kuunda chembe za damu na chembe nyingine zote zinazozaliwa upya.

Vitamini hizi zenyewe hazina nguvu ya kumpa mtu. Ndiyo maana anayemeza vidonge vya vitamini bila kula hapati nguvu, na vilevile anayekula wanga mtupu bila vitamini hubaki mnyonge.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, aliyekuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi. Walipolishwa mchele usiokobolewa, walipona. Kumbe dawa ilikuwa katika ganda na kiini vilivyokuwa vikitupwa. Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1929.

Karibu na kwetu, mnamo 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa nchini Malawi walipatwa na ugonjwa wa pelagra, unaoharibu ngozi, tumbo na akili kwa kukosa vitamini B3. Walioathirika walizidi 17,000. Watu hao walikuwa wakipewa mahindi. Kilichokosekana katika posho yao kilikuwa karanga.

Mahindi yana vitamini B3, lakini sehemu kubwa yake imefungika kiasi kwamba tumbo haliwezi kuitoa. Kwa hivyo jamii inayotegemea mahindi kama chakula kikuu haina budi kuyaandamanisha na karanga, kunde, mbaazi, ndengu, maziwa au samaki.

Hapa pana hekima katika mapishi ya wazee. Kimanga, chakula cha asili cha Wataita, huchanganya na kuponda pamoja muhogo au viazi vitamu na maharagwe au mbaazi. Mwenye kula kimanga amepata wanga na protini pamoja na vitamini B katika mkupuo mmoja.

Unga nao una habari yake. Unga mweupe wa gredi umeondolewa kiini na maganda, na pamoja navyo huenda sehemu kubwa ya vitamini na madini. Ndiyo maana sheria ya Kenya, tangu 2012, inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini, madini ya chuma na zinki katika unga wa mahindi na wa ngano unaowekwa kwenye pakiti, na vitamini A katika mafuta ya kupikia.

Unga wa kinu cha posho haujaongezwa chochote. Hata hivyo, ukisagwa bila kukobolewa, huhifadhi virutubishi vyake vya asili. Mwenye kukoboa mahindi kabla ya kusaga hupoteza mara mbili, kwani hana kiini wala nyongeza ya kiwandani.

Damu, madini ya chuma na kikombe cha chai

Moto hauwaki bila hewa. Ili sukari ichomwe vyema ndani ya seli, sharti oksijeni iwepo, nayo hubebwa na madini ya chuma yaliyomo katika chembe nyekundu za damu. Mtu mzima ana gramu tatu au nne tu za madini hayo katika mwili wote, uzito usiofikia wa msumari mkubwa.

Yakipungua, seli hukosa hewa. Mtu huhema akipanda kilima kidogo, moyo humwenda mbio, viganja na kope za ndani hupauka, na mtoto wa shule hushindwa kuzingatia anachofunzwa. Baadhi ya wanawake, hasa wajawazito, hujikuta wakitamani udongo na vile vijiwe vinavyouzwa sokoni. Tamaa hiyo yaweza kuwa ishara ya upungufu wa madini ya chuma, nayo yafaa iwe sababu ya kwenda kupimwa damu.

Katika maeneo yenye joto pana wezi wawili wengine wa damu. Malaria huharibu chembe nyekundu, nayo minyoo ya safura hunyonya damu katika utumbo. Kwa sababu hiyo, mwenye upungufu wa damu hatibiwi kwa mboga pekee. Ni lazima chanzo kitafutwe.

Chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Kile cha mchicha, kunde na ndengu hufyonzwa kwa taabu, lakini vitamini C hukisaidia mno. Limau lililokamuliwa juu ya mboga, embe, pera, papai au ubuyu baada ya mlo huzidisha kiasi cha chuma kinachoingia katika damu.

Chai hufanya kinyume. Tanini iliyomo katika majani ya chai hukishika chuma na kukizuia kupita. Chai si haramu, ila ni afadhali kuinywa saa moja au mbili kabla au baada ya chakula kuliko kuiteremshia ugali na mboga.

Wajawazito nchini hupewa kliniki vidonge vyenye miligramu 60 za madini ya chuma na foleti. Foleti huzuia kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, na mfereji ambao viungo hivyo huumbika kutokana nao hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe, pengine mama hajatambua kuwa ana mimba. Wengi huviacha vidonge kwa sababu ya kichefuchefu, au hushtuka wanapoona choo kimekuwa cheusi. Weusi huo hauna madhara, na kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku baada ya mlo.

Iodini, zinki na magnesiamu

Iodini hutumiwa na tezi ya shingo kutengeneza homoni inayoamua kasi ya umetaboli wote. Ikipungua, mtu huhisi baridi, huchoka, hunenepa bila kula sana, na shingo huota rovu. Mtoto aliye tumboni akiikosa, ubongo wake hudumaa na hasara hiyo hairekebishiki. Maeneo ya milimani ndiyo yaliyo hatarini zaidi, maana mvua huiosha iodini kutoka katika udongo. Kenya ilianza kuongeza iodini katika chumvi miaka ya 1970, na hadi leo hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote za kuipata.

Zinki husaidia mamia ya vimeng'enya. Huhusika na ukuaji wa watoto, uponaji wa vidonda na kinga dhidi ya maradhi. Magnesiamu nayo hushikamana na chembe ambayo mwili hutumia kama sarafu ya kulipia kila kazi. Bila magnesiamu, sarafu hiyo haipokelewi. Madini hayo mawili hupatikana katika mbaazi, kunde, karanga, ufuta, mtama, na nafaka zisizokobolewa. Nyama na samaki vina zinki inayofyonzwa kwa wepesi zaidi.

Macho, mifupa na ngozi

Vitamini A hutumika kuunda rangi ya jicho inayonasa mwanga hafifu. Mtoto anayejikwaa magharibi ilhali wenzake wanaona njia huenda ameikosa. Vitamini hii hulinda pia utando wa mapafu na utumbo, na ndiyo sababu mtoto aliyeikosa huathirika vibaya na surua na kuhara. Watoto wa miezi sita hadi miaka mitano hupewa matone yake kliniki mara mbili kwa mwaka.

Maembe, mapapai, malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mboga za kijani hubeba kiini cha vitamini A. Hata hivyo, kiini hicho huyeyuka katika mafuta, hivyo mboga iliyochemshwa kwa maji matupu huwa na faida ndogo kuliko iliyokaangwa kwa mafuta kidogo au kupikwa kwa tui.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi iguswapo na jua, nayo huusaidia utumbo kufyonza kalisiamu ya kujenga mifupa. Jua la Voi halina uhaba, lakini mtoto anayefunikwa gubigubi na kufungiwa ndani mchana kutwa anaweza kupata matege akiwa katikati ya nchi ya jua.

Vitamini C huunda gundi inayoshikanisha ngozi, fizi na mishipa ya damu. Upungufu wake mkubwa ni kiseyeye, maradhi yaliyowamaliza mabaharia wa zamani. Vitamini hii huharibiwa na moto na huyeyuka majini. Anayekata mboga kisha akaziosha, akazichemsha muda mrefu na kumwaga maji yake, humwaga na vitamini.

Umeme wa mwili

Sasa tufikie betri. Chumvi ikiyeyuka katika maji hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme. Hizo ndizo elektrolaiti, nazo kuu ni sodiamu, potasiamu, kloraidi, kalisiamu na magnesiamu.

Sodiamu hukaa hasa nje ya seli, na potasiamu ndani yake. Katika ukuta wa kila seli zimo pampu ndogo zisizohesabika, ambazo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani bila kupumzika. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliigundua pampu hiyo mnamo 1957 na akapata Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye.

Kazi hii humeza karibu moja kwa tano, au zaidi, ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umetulia. Mwili haufanyi israfu. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo huzaa umeme ambao neva hutumia kupeleka habari, misuli kujikunja, na moyo kupiga.

Ndiyo sababu daktari wa wodi huharakisha kupima chumvi za damu ya mgonjwa aliyezidiwa. Sodiamu ikishuka mno, ubongo huvimba, mtu akachanganyikiwa na hata kutukutika kama mwenye kifafa. Potasiamu ikipanda au kushuka kupita kiasi, moyo hupoteza mwendo wake na waweza kusimama ghafla.

Kuhara huua kwa ukame wa ndani

Katika Taita Taveta, elektrolaiti zina historia ya huzuni. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walianza mnamo 1915 kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili kuwakabili Wajerumani. Mapigano hayo yalitegemea wapagazi wa Kiafrika, wale ambao kikosi chao kilizaa jina Kariakoo. Makumi ya maelfu yao walifariki katika vita vya Afrika Mashariki, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, kuhara damu kukiwa miongoni mwa yaliyotangulia.

Mtu anayehara hapotezi maji matupu. Hupoteza pia sodiamu, potasiamu na kloraidi. Akinywa maji pekee, mengi hupita tu, kwa kuwa utumbo hauna namna ya kuyavuta bila chumvi. Akinywa maji ya chumvi pekee, hayafyonzwi vya kutosha vilevile.

Ufumbuzi ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipobainika kuwa sodiamu na glukosi huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja, kupitia mlango mmoja. Mlango huo ni kama mashua isiyoondoka mpaka abiria wote wawili wapande. Sodiamu na sukari zikishavuka, maji huzifuata. Jambo la kushangaza ni kwamba mlango huo huendelea kufanya kazi hata kipindupindu kinapouvuruga utumbo.

Mnamo 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma mamilioni ya wakimbizi hadi India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika katika kambi ya Bangaon. Aliamua kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka takriban wagonjwa 30 katika kila 100 hadi wasiozidi wanne.

Huo ndio msingi wa pakiti ya ORS inayopatikana leo katika zahanati na maduka ya dawa. Kwa mujibu wa kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mnamo 2002, lita moja huwa na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti.

Anayechanganya hana budi kusoma pakiti, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Ikiwa pakiti haipatikani kabisa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Chumvi isizidi kipimo hicho, maana ikizidi humdhuru mtoto.

Mtoto anayehara aendelee kunyonya na kula. Apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Soda haifai, kwani sukari yake nyingi huvuta maji zaidi kuingia utumboni. Mtoto ambaye macho yamebonyea, anatapika kila anachopewa, ana damu katika choo au ni mlegevu asiyeweza kunywa, apelekwe hospitalini bila kukawia.

Jasho la mchana

Voi imo katika nyanda za joto, na mara nyingi mchana nyuzi hupita 30. Mkulima, mfanyakazi wa shamba la mkonge au mjenzi anaweza kutoka jasho la lita moja au zaidi kwa saa anapofanya kazi nzito juani. Jasho hilo lina sodiamu, na ndiyo maana shati hubaki na mistari myeupe likikauka.

Mtu aliyezoea joto hutoa jasho lenye chumvi kidogo kuliko mgeni, kwa sababu mwili hujifunza kuibania katika juma moja au mawili. Kwa kazi ya kawaida, maji pamoja na milo ya kila siku hutosha kurudisha kilichopotea. Kwa kazi ya kutwa nzima, ni busara kuongeza kitu chenye chumvi, kama vile uji au mchuzi, pamoja na vyakula vyenye potasiamu kama ndizi, viazi vitamu, kunde na maji ya madafu.

Kunywa maji kupita kiasi nako kuna hatari. Katika mbio za Boston Marathon za 2002, mwaka ambao Mkenya Rodgers Rop aliibuka mshindi, watafiti walipima damu ya baadhi ya wakimbiaji na kukuta asilimia 13 wakiwa na sodiamu iliyoshuka mno. Wengi wao walikuwa wamekunywa maji mengi kiasi cha kuongeza uzito wakiwa mbioni.

Kwa upande mwingine, asiyetoka jasho jingi hana haja ya kuongeza chumvi mezani. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa kuwa sodiamu ikizidi hupandisha shinikizo la damu na kuchosha figo.

Wapi pa kuvipata

Taita Taveta ni kaunti ya nusu jangwa katika sehemu zake za chini, ilhali milima yake, ambayo kilele cha Vuria hufika zaidi ya mita 2,200, huzalisha mboga na matunda. Mvua zikikosekana, au ndovu wa Tsavo wakivamia mashamba, familia za nyanda za chini hurudi kwenye unga na chai. Hapo ndipo njaa iliyofichika huingia, kabla ya njaa ya wazi kuonekana.

Habari njema ni kwamba vyakula vingi vyenye thamani hustahimili ukame. Kunde hutoa mboga kwanza na mbegu baadaye. Mbaazi na ndengu hukomaa kwa mvua haba. Mbuyu haulimwi, na ubuyu wake una vitamini C kwa wingi pamoja na kalisiamu. Mchunga na mnavu huota vyenyewe mvua zinyeshapo. Dagaa wakaushwao hukaa muda mrefu bila jokofu, na mwenye kuwatafuna na mifupa yao hupata kalisiamu, chuma na zinki kwa bei nafuu kuliko nyama.

Si lazima kila mlo uwe na kila kitu. Yatosha katika siku moja kuwepo nafaka isiyokobolewa sana, jamii ya kunde, mboga ya kijani, tunda, mafuta kidogo, na kila inapowezekana yai, maziwa, samaki au nyama. Chumvi iwe yenye iodini, nayo itiwe kiasi.

Tahadhari ya vidonge

Wachuuzi wa vidonge vya kuongeza nguvu wamekuwa wengi, na maneno yao ni matamu. Msomaji na akumbuke kwamba mwenye lishe kamili hapati nguvu ya ziada kwa kumeza zaidi. Vitamini C na nyingi za kundi la B zikizidi hutoka kwa mkojo. Vitamini A na D hubaki mwilini na zaweza kudhuru. Vitamini A nyingi humdhuru mtoto aliye tumboni, na vidonge vya chuma vya mama vikimezwa na mtoto mdogo kama peremende vyaweza kumuua. Viwekwe mbali na mikono yao.

Mgonjwa wa figo asijiongezee potasiamu, na mwenye shinikizo la damu asijipe chumvi ya ziada kwa kisingizio cha joto, kabla ya kumwona daktari. Anayekula mimea pekee, bila nyama, samaki, mayai wala maziwa, ndiye anayehitaji kuulizia B12, kwa sababu haimo katika mboga.

Uchovu usioisha una sababu nyingi, zikiwemo kisukari, kifua kikuu na maradhi ya moyo. Kipimo cha damu katika kituo cha afya au katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi huonyesha tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Kina mama waliochanga fedha zao kununua basi walijua kwamba kufika kwa daktari mapema ni nusu ya tiba. Nusu ya pili imo katika chungu cha nyumbani, na mara nyingi gharama yake ni fungu la mboga, limau moja na kibaba cha mbaazi.